Feijóo alijifunza mwenyewe, lakini hakukosa walimu

Desemba 2023, makumbusho ya Collection de l'Art Brut mjini Lausanne, Uswisi, yalifungua maonyesho ya wachoraji wa Kuba ambao hawakupitia shule za sanaa. Miaka 40 ilikuwa imetimia tangu makumbusho hayohayo yaonyeshe, mwaka 1983, michoro iliyofika Ulaya kwa juhudi za Samuel Feijóo, mshairi na mchoraji wa huko Las Villas, katikati ya kisiwa. Tangu wakati huo jina la Feijóo limerudi midomoni mwa watu, na kila linaporudi hufuatana na sifa zilezile: mtu wa shamba, mkono ambao shule haikuugusa, ndoto iliyomwagika kwenye karatasi bila kupita akilini. Wanaosema hivyo wanamsifu. Mimi naona wanampunguza. Chuo hakikumfundisha Feijóo, hilo ni kweli, lakini alifundishwa, tena na walimu wengi, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kuwatafuta walimu hao, kuandika majina yao na kuchapisha waliyomwambia. Ukimweka kwenye kabati la wasiofundishwa, hao walimu unawafuta pamoja naye.

Alizaliwa tarehe 31 Machi 1914 San Juan de los Yeras, kijiji cha miwa na tumbaku kisicho mbali na Santa Clara, akafia Havana Julai 1992. Katikati ya tarehe hizo mbili alifanya kazi za watu watano. Aliandika mashairi na riwaya. Alizunguka vijijini na daftari akikusanya ngano, methali, vitendawili na vitanza ndimi. Kuanzia 1958 alihariri jarida la Islas katika Chuo Kikuu cha Las Villas, Santa Clara, mji ambao wengi wetu tunaujua kwa sababu ya Che Guevara na mapigano ya Desemba mwaka huohuo. Idara ya machapisho aliyoisimamia pale ndiyo iliyotoa, mwaka 1958, masomo mashuhuri ya Cintio Vitier, mshairi na mhakiki wa Kuba, kuhusu ushairi wa nchi yake. Mwaka 1969 akaanzisha jarida jingine, Signos, ambalo kurasa zake zilijaa michoro ya watu wasiojulikana mjini, methali, hadithi za mazimwi na mizaha ya vijiweni. Na muda wote huo alichora. Mtu wa namna hii kumwita "mchoraji wa asili" ni sawa na kumwita nahodha "mtu anayependa maji".

Tuitazame michoro yenyewe kwanza, maana hapo ndipo upotofu unapoanzia. Mara nyingi ni wino kwenye karatasi ya kawaida, mistari myembamba iliyosongamana hadi nafasi tupu inakuwa adimu. Jani lina jicho. Mti una pua na mdomo, na kofia ya mkulima ukiiangalia tena unaona ni ndege aliyelala. Mara ya kwanza nilipoona mchoro wake nilidhani ni mizizi, nikaukodolea macho dakika nzima ndipo nyuso zikaanza kujitokeza, moja baada ya nyingine, kama watu wanaotoka gizani kuja kwenye moto. Ni rahisi kuona haya ukasema: huyu alikuwa anaota. Lakini viumbe wale wana majina na anwani. Kuba kuna güije, kijitu cheusi kifupi kinachokaa kwenye vilindi vya mito na kuwatisha wapitao. Msomaji wa pwani yetu atamkumbuka chunusi, yule pepo wa majini, papo hapo. Huko Remedios, mji mkongwe wa mkoa huohuo, wanasimulia kwamba güije wa La Bajada angeweza kukamatwa na wanaume saba wenye jina la Juan, usiku wa mtakatifu wao. Kuna pia Madre de Aguas, nyoka mkubwa wa majini, mama wa maji. Feijóo aliwakusanya viumbe hawa kwa miaka mingi, akiandika nani kasimulia nini, wapi. Alipowachora alikuwa anachora alichokisikia, kikiwa na tofauti zake za kijiji na kijiji. Mkono ni wake mwenyewe, na ubunifu ni wake, ila umesimama juu ya utafiti ambao wasomi wengi wenye shahada hawakuufanya.

Kuna jambo jingine ambalo sisi tunaoishi na mashairi ya Kiswahili tunaweza kulielewa haraka kuliko mkosoaji wa Paris. Wakulima wa Kuba wana décima, ubeti wa mishororo kumi, kila mshororo mizani nane, na vina vilivyopangwa kwa mtindo usiobadilika: wa kwanza unakubaliana na wa nne na wa tano, wa pili na wa tatu, wa sita na wa saba pamoja na wa kumi, wa nane na wa tisa. Ubeti huu hutungwa papo hapo, kwa gitaa, watu wawili wakijibizana mbele ya hadhira ambayo haimsamehi anayekosea kina. Wengi wa waliokuwa mabingwa wake hawakujua kusoma. Je, nao tuwaite wasiofundishwa? Hakuna mtu wa Lamu au Pemba atakayekubali kwamba malenga anayemjibu mwenzake kwa vina na mizani bila karatasi ni mtu wa ndoto tupu. Malenga amekaa miguuni pa malenga. Amesikia, amekosea, amechekwa, amerudia. Feijóo alitumia ujana wake na utu uzima wake akizisikiliza décima hizo na kuziandika, na mimi nauona ubeti huo kwenye wino wake: kujaza umbo hadi pembeni, kurudia mstari kama kina, kuukubali mpaka kisha kucheza ndani yake. Sikio lilikuwa limekwishasomeshwa kabla mkono haujashika kalamu.

Sasa, lile jina la "art brut", yaani sanaa ghafi, lilitoka kwa Jean Dubuffet, mchoraji Mfaransa aliyelibuni mwaka 1945 baada ya kutembelea hospitali za wagonjwa wa akili na kukusanya kazi za watu waliotengwa na jamii. Aliamini kwamba utamaduni wa shule na makumbusho unaziba pumzi ya sanaa, na kwamba wabunifu wa kweli ni wale wasiojua hata kama wanafanya sanaa. Mkusanyo wake aliupa mji wa Lausanne mwaka 1971, na milango ikafunguliwa 1976. Yeye na Feijóo walijuana na kuandikiana, na ndipo michoro ya Kuba ikapata njia. Dubuffet, kwa haki kabisa, hakuwa mjinga wa tatizo hili. Kadiri mkusanyo ulivyokua aliona kuna watu ambao hawaingii kwenye fungu la waliotengwa: hawana wazimu, wanasoma magazeti, wanajuana na wachoraji wengine, lakini kazi zao hazifanani na za mtu yeyote. Mwaka 1982 fungu la pembeni la mkusanyo likapewa jina jipya, Neuve Invention, uvumbuzi mpya. Mwaka uliofuata maonyesho ya Wakuba yakaitwa Art inventif à Cuba, sanaa ya uvumbuzi nchini Kuba. Neno "ghafi" halikuwamo kwenye kichwa hicho. Yale ya 2023 yakaitwa Art Brut Cuba. Kwa maneno mengine, miaka 40 ya utafiti ilipita, vitabu vikaandikwa, na jina likawa kali zaidi kuliko lile walilochagua watu waliomjua Feijóo akiwa hai. Sisemi waandaaji walikuwa na nia mbaya. Maonyesho hayo ya pili yaliwaleta pia wabunifu wa sasa wanaosaidiwa na Riera Studio ya Havana, miongoni mwao watu wenye ulemavu ambao karibu hakuna taasisi nyingine inayowatazama, na kwa baadhi yao lile jina la zamani la Dubuffet linaweza kweli kufaa. Shida ni mwavuli mmoja kufunika wote. Mhariri wa jarida la chuo kikuu na kijana ambaye hajawahi kutoka chumbani mwake wanajikuta ni ndugu wa tumbo moja.

Wanaolitetea jina hilo wana hoja, na baadhi ni nzito. Ya kwanza ni ya karatasi. Michoro mingi ya Las Villas ilifanywa kwenye karatasi duni, katika nchi ya joto, unyevu na mchwa, ambako bajeti ya kuhifadhi nyaraka haijawahi kutosha. Iliyokwenda Lausanne imetunzwa, imeorodheshwa, inaonekana. Mtu akiniuliza ni kipi bora, mchoro uliooza ukiwa na jina sahihi au mchoro uliopona ukiwa na jina potofu, sitajifanya kuwaza sana. Ya pili ni kwamba jina hilo lilifungua mlango ambao akademia iliufunga. Akademia ya San Alejandro ilianzishwa Havana 1818, mkurugenzi wake wa kwanza akiwa Mfaransa, Jean-Baptiste Vermay, na kwa zaidi ya karne moja ndiyo iliyoamua nani ni mchoraji na nani anachafua ukuta. Mkulima anayechora mti wenye macho hakuwa na kiti pale. Dubuffet alimpa kiti. Ni kweli kiti chenyewe kiliwekwa varandani, lakini kabla yake hapakuwa na kiti chochote.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayopendwa kuliko zote: kwamba shule ingemharibu. Kwamba angeingia akademia angetoka anachora meza na matunda kama wengine, na ule moto ungezimika. Hoja hii inadhani ujuzi na ubunifu ni maji ya ndoo moja, ukimwaga kimoja kingine kinapungua. Mfano wa kwanza wa kuipinga ni mwenye hoja mwenyewe. Dubuffet alisoma Académie Julian mjini Paris, ingawa kwa miezi michache tu, akafanya biashara ya mvinyo kwa miaka, akarudi kwenye rangi akiwa mtu mzima aliyesoma vitabu vingi, na hakuna anayesema kusoma kulimuua. Mfano wa pili ni Kuba yenyewe. Ruperto Jay Matamoros, mtoto wa San Luis huko mashariki, aliingia mwaka 1937 kwenye studio huria iliyoongozwa na mchoraji Eduardo Abela mjini Havana. Hakuna aliyemlazimisha kunakili sanamu za Kigiriki pale. Akaendelea kuchora milima na vijiji vyake kwa namna yake mwenyewe kwa miongo mingi, na mwaka 2000 akapewa Tuzo ya Taifa ya Sanaa za Ufundi. Swali ni shule ya namna gani, na inayofundisha nini. Halafu kuna kisa cha 1961. Mwaka ule kampeni ya kusoma na kuandika iliwafikia Wakuba takriban 700,000, na mwaka uleule ukatolewa uamuzi wa kujenga shule za sanaa juu ya uwanja wa gofu wa matajiri, magharibi mwa Havana. Ile miaka ambayo watu wa vijijini walikuwa wanapata vitabu na darasa ndiyo miaka ambayo wachoraji wa Las Villas, kina Benjamín Duarte na Pedro Osés, walikuwa wanachomoza kwenye kurasa za Feijóo. Kama elimu inaua mawazo, wakati huo ulikuwa wa ajabu kwa mawazo kushamiri.

Upande wa pili pia umempaka rangi. Ndani ya Kuba walimwita mchoraji wa umma, sauti ya wakulima, roho ya taifa. Hii nayo inahitaji mtu safi asiye na doa la kitabu, tofauti ni kwamba safari hii usafi wake ni wa kitaifa badala ya kuwa wa kiakili. Sitakaa sana hapa.

Kuna wanaosema: mbona mwenyewe alijitangaza hivyo? Alijiita zarapico mwenye hisia, zarapico akiwa ndege wa ufukweni mwenye miguu mirefu. Alipenda mizaha na kuonekana mtu wa porini mbele ya watu wa mji. Ni kweli kabisa. Lakini sisi tulilelewa na hadithi za Abunuwasi, tunajua mtu anayejifanya mjinga mbele ya sultani anafanya kazi gani. Mhusika wake maarufu, Juan Quinquín, wa riwaya ya 1964 ambayo Julio García Espinosa aliigeuza filamu mwaka 1967, ni wa ukoo huohuo: mkulima anayejaribu sarakasi, anajaribu kupigana na fahali, anajaribu shamba, kila mahali wenye nguvu wanamzuia, hadi anashika bunduki. Ujinga wa Juan ni mbinu. Mtu aliyeweza kumtunga Juan Quinquín hawezi kuwa hakujua alichokuwa anafanya alipovaa kofia ya majani na kujiita ndege. Kinyago huchongwa na anayejua sura yake.

Na kuna ukurasa mmoja ambao wapenzi wa "mchoraji asiye na hatia" huuruka. Aprili 1965 Feijóo aliandika katika gazeti la El Mundo makala ya kuwashambulia mashoga, akidai hakuna hata mmoja wao anayeweza kuwakilisha mapinduzi, kwa kuwa mapinduzi ni jambo la wanaume. Novemba mwaka huohuo serikali ilianza kuwapeleka watu kwenye kambi za kazi zilizojulikana kama UMAP, mkoani Camagüey, miongoni mwao mashoga na watu wa dini mbalimbali. Sisemi makala moja ilijenga kambi. Kambi zilikuwa na wenyewe. Nasema kwamba aliyeandika vile alikuwa mtu wa mjini katika maana kamili ya neno, mwenye jukwaa, mwenye msimamo wa kisiasa, aliyejua gazeti linasomwa na nani. Huwezi kumpa usafi wa mtoto upande wa wino halafu ukafumba macho upande wa maandishi. Nimesikia ikijibiwa kwamba tutenganishe kazi na mtu. Sawa, tutenganishe. Lakini jina la "ghafi" ndilo linalokataa kutenganisha. Lenyewe linatuuzia mtu kwanza, maisha yake, utengwa wake, kutojua kwake, na kazi inafuata nyuma kama ushahidi. Anayetaka kuuza maisha ya msanii auze maisha yote.

Hapa kwetu jambo hili si geni. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam karibu 1968 kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya ubao mgumu wa kiwandani, na alipouawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, kwa makosa, alikuwa tayari ameacha wanafunzi, wengi ndugu zake: January Linda, Simon Mpata, Ajaba Abdallah Mtalia na wengine. Mtu aliyefungua darasa chini ya mti ameandikwa katika vitabu vya wageni kama mtu asiye na darasa. Ukimsoma Feijóo ukiwa umemjua Tingatinga, unashtuka kuona neno "aliyejifunza mwenyewe" linavyofanya kazi ileile pande zote mbili za bahari. Linahesabu vyeti tu. Mjomba, jirani, mganga wa kijiji, mpiga gitaa wa sherehe za Jumamosi, hao hawahesabiwi kwa sababu hawakutoa karatasi yenye mhuri.

Na hesabu hiyo ina bei yake. Mchoro ukishauzwa kama ndoto ya mtu mmoja, thamani yake inakaa kwenye upweke wake. Yeyote atakayethibitisha kwamba mchoraji alikuwa na wenzake, jarida, barua na wachapishaji, anashusha bei. Kwa hiyo kuna watu wenye sababu ya kutotaka kumbukumbu za Santa Clara zifunguliwe vizuri. Mchoraji kijana wa Kuba anayechora leo gizani kwa sababu umeme umekatika naye anajifunza haraka kwamba soko linamtaka asiye na shule, asiye na lugha ya pili, asiye na maoni ya siasa, na kama anavyo, avifiche. Nchi yake inabaki na sifa ya kuzalisha miujiza. Ile kazi ndefu ya majarida ya mikoani, wahariri wasiolipwa vizuri na safari za basi na daftari, ambayo ndiyo iliyofanya miujiza hiyo ionekane, haipati hata maelezo ya ukutani. Atakayetaka kuirudia kazi hiyo kwingine, tuseme Mtwara au Bujumbura, hatajua pa kuanzia, maana ameambiwa hapakuwa na mwanzo, palikuwa na mtu mwenye kipaji tu.

Ningekuwa na ukuta wa makumbusho ningefanya jambo dogo. Ningetundika mchoro mmoja wa Feijóo, ule wenye miti inayotazama. Kando yake, kwa ukubwa uleule, ningeweka toleo la Signos likiwa wazi kwenye ukurasa wa methali, yakiwepo majina ya wakulima waliozitoa. Kwenye vipaza sauti ningeweka watu wawili wakijibizana kwa décima, bila tafsiri. Na ukutani kwa upande wa pili, kwenye fremu ya aina ileile, ule ukurasa wa El Mundo wa Aprili 1965, mahali ambapo mtu hawezi kutoka bila kuupita.